Barua, Jarida au Telegramu: Uanzie Wapi Unapofuatilia Mawasiliano ya Wanaastronomia wa Karne ya 19

Tarehe 1 Februari 1892 postikadi isiyo na jina la mwandishi ilimfikia Ralph Copeland, mkuu wa kituo cha uangalizi wa nyota cha Edinburgh, Uskoti. Maneno yake yalikuwa machache: ipo nyota mpya katika kundi la Auriga, ndani ya Njia Nyeupe, kiasi cha nyuzi mbili kusini mwa nyota ambayo mwandishi aliitaja, na mwangaza wake ni wa daraja la tano (kadiri namba ya daraja inavyokuwa kubwa, ndivyo nyota ilivyo hafifu). Copeland akaelekeza darubini mahali palipotajwa, akaikuta. Telegramu zikatoka Edinburgh kwenda kwenye vituo vingine, na muda si mrefu majarida ya sayansi yakawa yanachapisha vipimo vyake. Aliyeandika postikadi, Thomas Anderson, alikuwa mkazi wa mji huohuo ambaye hakuajiriwa na kituo chochote, na vifaa vyake vilikuwa atlasi ya nyota na darubini ndogo ya kushika mkononi. Alikuwa ameiona nyota hiyo siku kadhaa nyuma, akadhani ni nyota nyingine ya kundi hilo aliyoizoea, na hakuandika mpaka alipoilinganisha na ramani.

Katika tukio hilo moja njia tatu za mawasiliano zilipokezana: posta, waya wa telegramu, na ukurasa wa jarida. Kwa anayesoma historia hii leo, kumbukumbu za njia hizo tatu zimetengana. Barua ziko katika makasha ya nyaraka na katika vitabu vya barua zilizohaririwa. Majarida yako maktabani, na kurasa zake nyingi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Telegramu zimebaki vipande vipande, aghalabu zikiwa zimenakiliwa ndani ya majarida yenyewe. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, au mwalimu anayetayarisha somo kuhusu namna elimu ya falaki ilivyokua, hawezi kuzifuata zote kwa uzito mmoja. Ulinganisho huu umekusudiwa kumsaidia achague pa kuanzia. Mimi naegemea upande wa barua, na sababu nitazieleza, lakini yako maswali ambayo barua ikitegemewa peke yake itampotosha msomaji, na hayo nayo yanahitaji kutajwa mapema kabla mtu hajapoteza miezi katika makasha yasiyo na jibu lake.

Barua: neno la mtu mmoja kwa mtu mmoja

Nguvu ya barua haionekani mahali popote kama katika ugunduzi wa sayari ya Neptuni mwaka 1846. Urbain Le Verrier wa Paris alikuwa amekokotoa mahali ambapo sayari isiyojulikana ingepaswa kuwepo ili kueleza mwendo wa Uranusi usiolingana na hesabu, na matokeo yake aliyatangaza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa na kuyachapisha. Yeyote aliyetaka angeweza kuyasoma, lakini uchapishaji huo haukumtoa mtu mwenye darubini kubwa usiku kwenda kuitafuta sayari kwa bidii iliyotakiwa. Ndipo Le Verrier alipokumbuka kwamba kijana mmoja wa kituo cha Berlin, Johann Galle, alikuwa amemtumia nakala ya tasnifu yake mwaka mmoja hivi nyuma, naye hakuwa amemshukuru. Tarehe 18 Septemba akamwandikia barua ya kumshukuru, na ndani ya shukrani hizo akaweka ombi: tafadhali elekeza darubini mahali hapa.

Barua ilifika Berlin tarehe 23 Septemba. Siku hiyo ilikuwa ya kuzaliwa kwa mkuu wa kituo, Johann Encke, aliyekuwa na sherehe nyumbani kwake, naye akampa Galle ruhusa ya kutumia darubini. Mwanafunzi Heinrich d'Arrest akaomba ashiriki, akashauri watumie ramani mpya za nyota zilizokuwa zikitayarishwa na Chuo cha Sayansi cha Berlin, na karatasi waliyoihitaji ilikuwa tayari imechapishwa ingawa ilikuwa bado haijasambazwa kwingine. Galle akatazama darubinini na kutaja nyota mojamoja, d'Arrest akazifuata kwenye ramani, mpaka ikatajwa nyota moja ya daraja la nane ambayo ramani haikuwa nayo. Ilikuwa pungufu ya nyuzi moja kutoka mahali alipopataja Le Verrier, karibu na mpaka wa makundi ya Jadi na Dalu. Kazi ambayo makala zilizochapishwa hazikuisukuma, barua moja iliikamilisha usiku uleule ilipofika.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuzingatia katika kuchagua. Barua humlenga mtu. Mwandishi anajua anayemwandikia ana chombo gani, ana ujuzi gani, ana deni gani la hisani kwake, na maneno yanapangwa kufuatana na hayo. Msomaji wa leo anayetaka kuelewa kwa nini mtu fulani alifanya kazi fulani usiku fulani, atalipata jibu katika barua na hatalipata katika makala ya jarida, kwa sababu makala huandikwa baada ya mambo kwisha na huficha njia iliyopitiwa.

Habari hiyohiyo ya Neptuni inaonyesha pia barua inavyoweza kushindwa. Nchini Uingereza John Couch Adams alikuwa amefanya hesabu za namna hiyohiyo kabla ya Le Verrier kuchapisha zake. Mwezi Oktoba 1845 alikwenda Greenwich kumwona George Airy, Mwanaastronomia wa Kifalme, hakuonana naye, akaacha karatasi yenye matokeo yake. Airy akamjibu kwa barua mwezi Novemba akimuuliza swali la kitaalamu kuhusu umbali wa Uranusi kutoka kwenye Jua, kama nadharia yake inaueleza vilevile. Adams hakujibu. Airy naye hakuendelea. Mazungumzo yale yangeendelea hadharani, mtu wa tatu angeweza kuuliza mbona jibu halijatoka. Yakiwa ya watu wawili, kimya cha mmoja kiliyaua. James Challis alipoanza kuitafuta sayari kule Cambridge mwishoni mwa Julai 1846, aliandika mahali pake mara mbili mwezi Agosti bila kujua, maana hakuwa amelinganisha usiku mmoja na mwingine.

Na udhaifu wa pili wa barua uko kwetu sisi wasomaji. Barua ina nakala moja. Airy, aliyekuwa mtu wa kutunza kila kipande cha karatasi, aliyakusanya maandishi ya suala hili katika faili moja. Faili hilo lilitoweka katika nyaraka za Greenwich katika karne ya 20, na kwa miongo kadhaa wanahistoria waliandika habari za Neptuni bila kuliona, mpaka lilipopatikana mwaka 1998 nchini Chile miongoni mwa vitu vilivyoachwa na mwanaastronomia Olin Eggen baada ya kufariki. Sasa liko Cambridge pamoja na nyaraka nyingine za Greenwich. Anayechagua barua kuwa msingi wa utafiti wake akubali tangu mwanzo kwamba hoja yake nzima inaweza kutegemea karatasi ambayo haijaonekana.

Kuhusu mwendo wa barua, mwanzo wa karne una mfano ulio wazi. Tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo katika kisiwa cha Sisilia, aliona kitu kilichosogea miongoni mwa nyota. Tarehe 24 Januari akaandika barua kwa Johann Bode wa Berlin na kwa rafiki yake Barnaba Oriani wa Milano. Kwa Bode alikiita nyota yenye mkia. Kwa Oriani alidokeza kwamba pengine ni kitu bora zaidi ya hapo. Tofauti hiyo ya maneno, baina ya mtu mashuhuri aliyemwandikia kwa tahadhari na rafiki aliyemwamini, ni ya thamani kubwa kwa msomaji, na ni barua pekee zinazoweza kutupa kitu kama hicho. Lakini barua ya Berlin ilifika tarehe 20 Machi, na Piazzi mwenyewe alikuwa ameacha kukiona tangu tarehe 11 Februari alipougua. Kitu chenyewe, ambacho sasa tunakiita sayari kibete Ceres, kilikuwa kimeusogelea mwanga wa Jua. Hakuna mtu Ulaya aliyepata nafasi ya kukithibitisha.

Kwa walio mbali zaidi, hali ilikuwa ngumu kuliko hiyo. John Herschel aliondoka Uingereza Novemba 1833 akafika Rasi ya Tumaini Jema katikati ya Januari 1834, yaani miezi miwili baharini, na barua zake zilisafiri kwa mwendo huohuo. Mwaka 1835 gazeti moja la New York lilichapisha mfululizo wa habari za uongo kwamba Herschel, akiwa huko Afrika Kusini, ameona kwa darubini yake viumbe wenye mabawa wakiishi Mwezini. Walioamini walikuwa wengi, na sababu mojawapo ni hiyo ya umbali: kumwuliza mhusika na kupata jibu lake kungechukua miezi mingi, na muda huo gazeti lilikuwa limekwisha kuuzwa.

Jarida: barua iliyosomwa na wote

Wengi hudhani jarida na barua ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa astronomia ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 dhana hiyo si sahihi. Jarida la Franz Xaver von Zach, lililoanza mwaka 1800 kule Gotha, liliitwa *Monatliche Correspondenz*, yaani Mawasiliano ya Kila Mwezi, na kwa sehemu kubwa lilikuwa barua alizopokea mhariri akazichapa. Ceres iliokolewa na jarida hilo. Vipimo vya Piazzi vilipochapishwa humo Septemba 1801, kijana wa miaka 24 aliyeitwa Carl Friedrich Gauss alivichukua, akakokotoa njia ya kitu hicho kwa mbinu zake mwenyewe, na kwa kufuata hesabu zake Zach alikipata tena mwezi Desemba, na Heinrich Olbers wa Bremen, ambaye kazi yake ya riziki ilikuwa udaktari, akakiona mara baada yake. Piazzi hangeweza kumwandikia Gauss, maana hakumjua. Huo ndio ubora wa jarida ambao barua haina: humfikia mtu ambaye mwandishi hakujua kwamba yupo. Kisha, na hili linanifurahisha kila ninapolisoma, Gauss na Olbers walianza kuandikiana, wakaendelea mpaka Olbers alipofariki mwaka 1840. Jarida liliwakutanisha, na barua zikaendeleza walichokianza.

Mwaka 1821 Heinrich Schumacher alianzisha *Astronomische Nachrichten* katika mji wa Altona, uliokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Denmark na sasa ni sehemu ya jiji la Hamburg. Mpangilio wake ulikidhi haja ya wakati. Kila toleo lilikuwa karatasi chache tu, likatolewa likiwa tayari badala ya kungoja kitabu kizima kijae, na kurasa ziligawanywa safu mbili zenye namba kila moja, ndiyo maana mpaka leo makala za zamani za jarida hilo hutajwa kwa namba ya safu. Makala zilipokelewa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza na hata Kilatini. Schumacher alilihariri mpaka alipofariki Desemba 1850, na muda wote huo meza yake ilikuwa njia panda ya wanaastronomia: barua ikiingia kutoka Königsberg au Dorpat, sehemu yake yenye vipimo ilikwenda kwa mpiga chapa, na sehemu ya mambo ya faragha ilibaki kwake. Barua alizoandikiana na Gauss peke yake, zilipochapishwa katika miaka ya 1860, zilijaza juzuu sita.

Kwa anayetaka kujua nani alitangulia, jarida ndilo shahidi wa kutegemewa, na mfano mzuri unahusu bara letu. Thomas Henderson alifanya kazi katika kituo cha Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, na kutokana na vipimo alivyovichukua huko vya nyota Alpha Centauri angeweza kuwa mtu wa kwanza kutangaza umbali wa nyota. Alirudi Uskoti, akawa na mashaka na matokeo yake, akangoja vipimo vya kuyahakiki. Wakati anangoja, Friedrich Bessel wa Königsberg alikamilisha vipimo vya paralaksi (kusogea kidogo kwa nyota kunakoonekana Dunia inapolizunguka Jua, ambako hutumiwa kukokotoa umbali) ya nyota 61 ya kundi la Cygnus. Tarehe 23 Oktoba 1838 Bessel alimwandikia John Herschel barua ndefu yenye matokeo, barua hiyo ikachapishwa London katika taarifa za Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia, na maelezo kamili yakatoka katika jarida la Schumacher kabla ya mwaka kwisha. Henderson alitangaza matokeo yake Januari 1839, na heshima ya kuwa wa kwanza ikabaki kwa Bessel. Tarehe zilizo kwenye madaftari ya uangalizi zingempa Henderson nafasi ya mbele. Tarehe za uchapishaji zilimpa Bessel. Msomaji anapaswa kujua anatafuta ipi kati ya hizo mbili kabla ya kufungua kasha lolote.

Hata hivyo nisiufiche upungufu wa jarida. Mashaka ya Henderson, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yake, hayamo katika makala kwa ukamilifu wake. Mhariri alikata, mwandishi alisafisha, na kilichochapwa kilikuwa jibu bila maswali yaliyolizaa. Anayesoma majarida peke yake hupata picha ya wanaastronomia waliokuwa na uhakika wakati wote, na picha hiyo haikuwa kweli.

Kati ya barua na jarida kulikuwa na eneo la sheria, ambalo halipaswi kusahauliwa. Mfalme Frederick VI wa Denmark aliweka mwaka 1831 medali ya dhahabu kwa atakayegundua nyotamkia kwa darubini, na masharti yakamtaka mgunduzi apeleke taarifa kwa posta ya kwanza itakayoondoka. Tarehe 1 Oktoba 1847, saa nne na nusu usiku, Maria Mitchell aliona nyotamkia kutoka juu ya paa la nyumba yao katika kisiwa cha Nantucket, Marekani. Baba yake alimwandikia William Bond wa Harvard tarehe 3 Oktoba. Siku hiyohiyo padri Francesco de Vico wa Roma aliiona nyotamkia ileile, akapeleka taarifa yake kwa njia iliyotakiwa. Mitchell alikuwa ametangulia kuona kwa siku mbili, ila barua yake haikufuata utaratibu wa medali. Edward Everett, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kumtetea, na mwaka 1848 medali ikatolewa kwake. Hapa barua haikuwa chombo cha habari peke yake. Muhuri wa posta uliokuwa juu yake ulikuwa hati ya madai.

Telegramu: mwendo bila maelezo

Wazee wetu waliita telegramu simu, neno lenye asili ya waya, kabla halijahamia kwenye chombo cha kuongelea. Kwa wanaastronomia umuhimu wake ulitokana na jambo moja: vitu vingine angani havingojei. Nyotamkia inayolikaribia Jua hubadilisha mahali kila siku, na nyota mpya kama ile ya Anderson hufifia. Barua inayofika baada ya wiki tatu huelekeza mahali pasipo na kitu.

Gharama ilikuwa kizuizi kikubwa. Waya wa chini ya Atlantiki ulipoanza kufanya kazi kwa uhakika mwaka 1866, ujumbe wa maneno 20 ulilipiwa pauni 20, fedha ambayo kituo kidogo hakikuweza hata kuifikiria. Mwaka 1873 Joseph Henry wa Taasisi ya Smithsonian, Washington, alikubaliana na kampuni za waya kwamba matangazo ya ugunduzi wa angani yapitishwe bila malipo baina ya Marekani na vituo vikuu vya Ulaya. Bila makubaliano hayo, telegramu ingebaki kuwa chombo cha vituo vya serikali kubwa.

Kizuizi cha pili kilikuwa makosa. Mahali pa kitu angani huelezwa kwa tarakimu, na tarakimu ni rahisi kuharibika mkononi mwa mpiga telegramu asiyejua maana yake. Herufi moja ikikosewa katika neno, msomaji hulitambua neno, lakini tarakimu moja ikikosewa, hakuna dalili yoyote kwamba kuna kosa. Kwa hiyo mwaka 1881 Seth Chandler na John Ritchie wa Boston walitayarisha mfumo wa misimbo ambamo maneno ya kawaida yalisimama badala ya tarakimu. Mpokeaji alipata mstari wa maneno yasiyohusiana kwa maana, akayageuza kuwa namba, na namba zikawa saa, nyuzi na mwendo wa kitu kwa siku. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1880 ofisi kuu ya telegramu za astronomia ikaundwa Kiel, Ujerumani, chini ya Adalbert Krueger, ambaye ndiye aliyekuwa pia mhariri wa *Astronomische Nachrichten*, kwa kuwa jarida lilikuwa limehama kutoka Altona. Upande wa Marekani kazi hiyo ilichukuliwa na kituo cha Harvard.

Pwani yetu iliingia katika mtandao huo mwaka 1879, pale waya wa chini ya bahari ulipolazwa kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban, na kwa njia hiyo Afrika Kusini ikaunganishwa na Ulaya. Miaka mitatu baadaye ilitokea nyotamkia kubwa ya Septemba 1882. William Finlay wa kituo cha Rasi ya Tumaini Jema aliipima kabla ya mapambazuko ya tarehe 8, na tarehe 17 yeye na mwenzake William Elkin waliitazama ikiufikia ukingo wa Jua, ikatoweka machoni mwao ilipoanza kupita mbele yake. Tukio la saa chache namna hiyo, barua ya melini kutoka Rasi isingeliwahi. Hakuna ulinganisho unaoweza kuipa barua nafasi hapo.

Lakini tazama kilichofuata. David Gill, mkuu wa kituo hicho, aliipiga picha nyotamkia hiyo kwa msaada wa mpiga picha wa eneo hilo, akaona kwamba bamba za kioo zimenasa pia nyota nyingi mno nyuma ya mkia. Akaanza kupiga picha anga lote la kusini, ila hakuwa na watu wa kuzipima. Desemba 1885 Jacobus Kapteyn, profesa wa Groningen, Uholanzi, asiyekuwa na darubini ya chuo chake, alimwandikia Gill barua akijitolea kuzipima, akikadiria kwamba hamu yake ingetosha kwa kazi ya miaka sita au saba. Bamba zikasafirishwa kwa meli, Kapteyn akazipima kwa chombo alichokibuni mwenyewe, akisaidiwa miongoni mwa wengine na wafungwa wa gereza la Groningen, na orodha ya nyota 454,875 ikachapishwa kati ya 1896 na 1900. Ushirikiano wa zaidi ya miaka kumi baina ya watu walio katika mabara mawili haungeweza kupita ndani ya maneno kumi ya telegramu. Ulihitaji maswali, marekebisho, kulalamika kidogo, kutiana moyo, na hayo yote yaliwekwa katika barua.

Kuchagua

Ikiwa swali lako ni nani aliyetangulia, anza na jarida, kisha rudi nyuma kwenye barua kuona kama tarehe iliyochapwa inaficha tarehe nyingine. Majarida yana faida ya kupatikana kwa urahisi, hata kwa mtu aliye mbali na maktaba kubwa, mradi ana intaneti. Tatizo ni lugha: kwa *Astronomische Nachrichten* huwezi kuendelea mbali bila Kijerumani, na anayesoma Kiingereza peke yake ataanza vizuri zaidi na taarifa za kila mwezi za Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia ya London, zilizoanza mwaka 1827.

Ikiwa unataka kujua namna watu walivyofikiri, walivyositasita na walivyosaidiana, hakuna badala ya barua. Lakini chagua mkusanyiko uliokwisha kuhaririwa, na uchague jozi moja ya waandishi. Gauss na Olbers, Gauss na Bessel, Olbers na Bessel: kila jozi imechapishwa kitabuni, ama katika karne hiyohiyo ya 19 ama mwanzoni mwa karne ya 20. Kuingia katika makasha ya barua ambazo hazijahaririwa, zenye mwandiko wa haraka na karatasi iliyojazwa hadi pembeni, kunamfaa mtu mwenye miaka na wala si mwenye miezi. Tena soma ukikumbuka kwamba nchini Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, aliyepokea barua ndiye aliyelipa kwa kawaida, na malipo yalipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Ufupi wa barua fulani unaweza kuwa ni huruma kwa mfuko wa rafiki, na usiutafsiri kuwa ubaridi wa moyo.

Telegramu singemshauri mtu aanze nayo, isipokuwa swali lake ni la mtandao wenyewe: habari ilipita wapi, ilichukua saa ngapi, nani aliachwa nje. Kwa swali hilo ni chanzo kizuri sana, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki waya wa 1879 uliopita Zanzibar unampa sababu ya kulichukua.

Kwa mwalimu mwenye vipindi viwili tu vya darasani, ningechagua nyotamkia ya Maria Mitchell kuliko Neptuni. Neptuni ina watu wengi na ubishi mrefu. Ya Mitchell ina tarehe mbili, Nantucket na Roma, barua moja, na sharti moja la medali. Wanafunzi wanaweza kugawanywa makundi mawili, moja lishike tarehe ya kuona na jingine tarehe ya kutuma, na kila kundi liandike kwa mkono wake barua ya kuipeleka kwa mfalme wa Denmark.